UMEME WA MIAKA ISHIRINI IJAYO: MAJI, JUA, UPEPO NA WAYA WETU WA TANGA



Tangu mashine ya tisa, ndiyo ya mwisho, ilipowashwa katika Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji mwaka 2025, afisi yetu imepokea swali moja kwa namna nyingi. Wengine wameliandika kwa barua, wengine wamelitoa barazani wakisubiri karafuu zao zipimwe. Swali lenyewe ni hili: ikiwa nchi sasa ina umeme uliopita haja yake, yanini kuendelea kuzungumza khabari za jua na upepo? Na yanini sisi huku Pemba tushughulike na mipango inayofika mwaka 2044, ilhali miche tuliyopanda juzi bado haijatupita kichwa?

Swali ni la haki. Mtu aliyejaza ghala halimi tena mpunga kwa pupa. Lakini umeme haukubali kuwekwa ghalani kama mpunga. Wafanana zaidi na maziwa ya mtoto mchanga, hutakiwa saa ile ile anapolia. Taa inayowashwa Konde saa mbili za usiku yataka umeme unaofanywa saa mbili hiyo hiyo, wala haifai kitu kuambiwa kuwa mchana ulikuwapo mwingi, au kwamba mwezi uliopita mto ulifurika. Mtu akishalishika jambo hilo moja, khabari nyingi za mipango ya umeme humfungukia.

HESABU YA KIBAO

Kila kituo cha umeme kina namba yake iliyoandikwa mlangoni. Ya Rufiji ni megawati 2,115, maana yake mashine 9 na kila moja megawati 235. Megawati moja ni kilowati 1,000, na kilowati moja ikifanya kazi kwa saa moja ndiyo yuniti moja tunayoinunua kwa TUKUZA. Gridi ya taifa, ambayo ndani yake tumo na sisi, mwanzoni mwa 2025 haja yake kubwa kabisa kwa wakati mmoja ilikuwa yapata megawati 1,900. Basi anayetazama kibao peke yake atasema kituo kimoja chaitosha nchi nzima, na vingine vyote ni ziada.

Mkulima wa mikarafuu hadanganyiki upesi na hesabu ya namna hiyo. Mtu akikwambia ana mikarafuu 100 hujajua bado ana magunia mangapi. Mwaka mmoja hutoa vishada mpaka matawi yakainama, na mwaka wa pili mchumaji hupanda juu akateremka na pakacha jepesi. Bwawa nalo lina tabia hiyo. Lau mashine zote tisa zingezunguka kwa nguvu kamili mwaka mzima, mchana na usiku, zingetoa yuniti bilioni 18 na nusu. Wahandisi waliopima mto hawakutaraji hivyo hata kidogo. Walikisia kiasi cha yuniti bilioni 6 kwa mwaka wa kawaida, yaani theluthi moja tu ya hesabu ya kibao. Hakuna hila wala kosa hapo: mto hauna maji ya kuzungusha mashine tisa siku 365. Mashine nyingi zimewekwa ili zisaidie saa za haja kubwa, khasa jioni watu wanaporudi majumbani, na maji yapumzishwe saa nyingine.

Na kila namna ya umeme ina theluthi yake. Paneli za jua katika nchi zetu hutoa sawa na saa 4 hadi 5 za nguvu kamili kwa siku, na baada ya magharibi hazitoi kitu. Mashine za upepo za Ziwa Turkana huko Kenya, mahali ambapo upepo hauchoki, hupita nusu ya namba yao. Mahali pengine pa kawaida hupata theluthi au chini yake. Mvuke wa ardhini ndio mtiifu kuliko wote, haujui usiku wala kiangazi, lakini haupatikani ila palipo na moto chini ya ardhi, na kuchimba kisima kimoja cha kutazama kama upo kwagharimu mamilioni ya dola. Kenya walianza Olkaria kwa mashine ya megawati 15 mwaka 1981, wakavumilia, na leo karibu nusu ya umeme wao watoka katika mvuke. Tanzania iliunda kampuni yake ya jotoardhi mwaka 2013, na Ngozi, karibu na Mbeya, ndipo panapotajwa zaidi. Sisi visiwani fungu hilo hatuna.

Kwa hivyo anayepanga umeme wa nchi kwa miaka ishirini hatakiwi kujumlisha vibao. Atakiwa aulize kila saa ya siku, na kila mwezi wa mwaka, na kila mwaka wa mvua haba: nani atakuwa kazini?

BONDE MOJA

Natuitazame ramani. Mtera, megawati 80, kilifunguliwa 1988. Kidatu, megawati 204, kilianza kazi 1975. Kihansi, megawati 180, kilikamilika 2000. Kisha Rufiji. Vituo vyote vinne vyanywa bonde moja. Ruaha Mkuu hupita Mtera, kisha Kidatu. Kihansi huingia Kilombero. Kilombero, ambao peke yake huleta zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, hukutana na Luwegu. Na mwisho Ruaha Mkuu huungana nao kabla ya kufika bwawani. Mvua ikikosa nyanda za juu za kusini, vituo vyote vinne huona njaa msimu mmoja. Vituo vya mto Pangani, upande wa Tanga, ni vidogo. Vyote pamoja havifiki megawati 100, na haviwezi kubeba mzigo wa wenzao.

Jambo hili tumekwisha liona kwa macho yetu. Mwaka 2006 mvua zilikosa na nchi ikaingia katika mgao. Mwaka 2011 mgao ulifika saa 12 na zaidi kwa siku mwahala mwingi. Oktoba 2015 maji yalipungua mpaka mitambo ya maji ikazimwa. Mwishoni mwa 2022 mgao ulirudi tena. Ruaha Mkuu wenyewe, ambao zamani haukuwa ukikatika, tangu 1993 hukauka miezi ya kiangazi katika sehemu zake za kati, na sababu kubwa ni maji yanayochukuliwa juu yake, katika mashamba ya mpunga ya Usangu. Siwalaumu watu wa Usangu. Nao wataka kula, na sisi wali twaupenda. Nasema tu kuwa mpango wa umeme unaotegemea mto ni mpango pia wa kilimo cha watu walio juu ya mto, na hilo mara nyingi husahauliwa.

Kilichoiokoa nchi miaka ile ya ukame ni gesi asilia, ya Songo Songo tangu 2004, kisha ya Mtwara bomba lilipofika Dar es Salaam mwaka 2015. Na gesi isipotosha, mitambo ya mafuta ilikodiwa kwa haraka. Mwaka 2011 serikali ilifanya mpango wa dharura wa namna hiyo, na deni lake lililemea shirika la umeme miaka mingi baadaye. Umeme ghali kuliko wote ni ule unaonunuliwa na mtu mwenye haraka.

Mpango mkuu wa umeme wa Tanzania, kama ulivyofanyiwa marekebisho mwaka 2020, wafika hadi 2044 na watazamia nchi iwe na zaidi ya megawati 20,000. Sehemu kubwa ya hizo imepewa gesi, maji na makaa ya mawe. Jua na upepo vimetengewa fungu dogo. Katibu wenu athubutu kusema kuwa fungu hilo ni dogo mno, na sababu yake ni bei. Betri za lithiamu mwaka 2010 ziliuzwa zaidi ya dola 1,000 kwa kila yuniti moja zinayoweza kuihifadhi; mwaka 2023 zilikuwa chini ya dola 150. Bei ya paneli nayo iliporomoka katika miaka hiyo hiyo. Ndiyo maana mipango hii hupitiwa upya kila baada ya miaka michache, na ndiyo maana yafaa watu wasemapo neno lao walitie kabla ya mapitio, wino haujakauka.

JUA HUWEKA MAJI

Hapa ndipo lilipo jawabu la swali la wanachama. Bwawa la Rufiji lina urefu wa kilomita 100 hivi, na laweza kuweka zaidi ya mita za ujazo bilioni 30 za maji. Nimesema umeme hauwekwi ghalani, lakini maji huwekwa. Chukua mfano wa mashamba ya paneli ya Kishapu, Shinyanga, ambayo mkataba wake ulitiwa saini 2023 kwa megawati 50 za kwanza kati ya 150. Saa saba za mchana paneli zile zikitoa umeme, aliyekaa katika chumba cha kuongoza gridi huweza kupunguza mashine moja ya Rufiji kwa kiasi hicho hicho. Maji ambayo yangepita hubaki nyuma ya ukuta. Saa mbili za usiku hufunguliwa. Jua la Shinyanga limegeuka taa ya Konde, wala hapakununuliwa betri.

Na kuna faida ya pili, ya msimu. Miezi ambayo mito yetu huwa dhaifu ndiyo miezi ya anga safi. Mwaka wa ukame, unaoua maji, haupunguzi jua hata kidogo. Basi nchi yenye bwawa kubwa ndiyo hasa inayofaidi paneli na mashine za upepo, kuliko nchi isiyo na bwawa. Wale wanaosema Rufiji imelimaliza suala la jua wameishika karafuu kwa kikonyo.

Mfano mzuri ni Uruguay, nchi ndogo ya Marekani ya Kusini yenye watu kama milioni 3 na nusu. Haina mafuta, haina gesi, haina makaa. Ilikuwa na mabwawa, kubwa lao Salto Grande ambalo wanashirikiana na Argentina, na mito yao mikubwa ilikuwa imekwisha jengwa. Hapakuwa na mahali pa kuweka bwawa jingine la maana. Mwaka wa mvua walitembea vizuri. Mwaka wa ukame walinunua mafuta na umeme wa jirani kwa bei ya jirani. Mwaka 2008 serikali ilipitisha siasa ya nishati hadi 2030, na aliyeongoza kazi ile alikuwa Ramón Méndez, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu. Mwaka 2010 vyama vyote vilivyokuwa na wabunge viliitia saini, wa serikali na wa upinzani pamoja. Hilo kwa maoni yangu ndilo lililofanya kazi kuliko mashine zenyewe. Mwenye mtaji aliyekuja kuweka mashine za upepo alipewa mkataba wa miaka 20, na alijua kuwa uchaguzi ukibadilisha watu mkataba haubadiliki.

Katika miaka kama kumi upepo ulitoka karibu na sifuri ukafika theluthi ya umeme wao. Mashine zikizunguka, maji hubaki mabwawani. Upepo ukilala, maji hufunguliwa. Katika miaka ya kawaida zaidi ya sehemu 90 katika 100 za umeme wao hazitokani na kuchoma kitu chochote cha ardhini. Vituo vya mafuta hawakuvibomoa. Wameviweka kama mtu anavyoweka taa ya chemli juu ya kabati, kwa ajili ya mwaka mbaya. Ukame mkubwa wa 2022 na 2023, uliofanya maji ya bomba ya Montevideo kuwa na chumvi, uliwakuta hivyo.

Sisi Tanzania twajua pepo za Singida na Makambako tangu zamani, na zimepimwa mara nyingi. Zimebaki kupimwa tu.

LAINI, NGUZO NA WAYA

Umeme ukishafanywa wataka njia. Wenzetu wa Kenya walijifunza jambo hili kwa fedha nyingi. Mashine 365 za upepo za Ziwa Turkana, megawati 310, zilikuwa zimesimama tayari mwaka 2017. Laini ya kuzileta Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwa tayari mpaka Septemba 2018. Zaidi ya mwaka mzima upepo ulivuma na mashine zimefungwa, na serikali ikalazimika kulipa fidia kwa umeme ambao haukuwasha taa ya mtu yeyote.

Kwetu, Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa mikoa ya kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia kwa kupitia Kenya. Watu wengi walishangaa: mwaka ule ule wa kukamilisha bwawa? Lakini tazama ramani tena. Kutoka Rufiji hadi Kilimanjaro na Arusha ni mbali, na umeme hupotea njiani kama maji katika mfereji wa udongo. Kuwa na umeme kusini na kuwa na umeme kaskazini ni mambo mawili.

Na kuwa na umeme Pemba ni jambo la tatu. Ndugu zetu wa Unguja waliletewa waya wa kwanza chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, wa megawati 45. Mei 2008 ulipatwa na hitilafu na kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mmoja. Desemba 2009 ukapatwa tena, na safari hii umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Wakubwa kidogo hawajaisahau: pampu za maji zilisimama, kina mama wakarudi visimani, mwenye hoteli akachoma dizeli na asiye na dizeli akafunga. Waya wa pili, wa megawati 100, ulizinduliwa 2013.

Sisi tulikuwa na majenereta ya dizeli pale Wesha, na kila mtu aliyekuwapo ajua yalivyokuwa: meli ya mafuta ikichelewa, kisiwa hulala mapema. Juni 2010 tulipata waya wetu kutoka Tanga, kilomita 78, kwa msaada wa Norway pamoja na fedha za Serikali ya Mapinduzi. Neema kubwa. Lakini waya ule ni mmoja, uwezo wake ni kiasi cha megawati 20, na ulipolazwa hapakuwa na wingi huu wa nyumba, mashine za kusaga, majokofu ya samaki na visima vya umeme tunavyoviona leo. Hata Rufiji ikijaa mpaka juu ya ukuta, kinachotufikia ni kile kinachopita katika uzi ule. Waya mwingine mkubwa zaidi wahitajiwa, na kazi ya namna hiyo, tangu kupima bahari hadi kuwasha, si ya mwaka mmoja.

Wala ya bwawa si ya mwaka mmoja. Bonde la Rufiji lilipimwa na wataalamu wa Norway katika miaka ya 1970, na mamlaka ya kuliendeleza iliundwa 1975; ujenzi ulianza 2019; mashine ya kwanza iliwashwa Februari 2024. Yapata nusu karne. Mvuke wa ardhini huchukua miaka kumi na zaidi. Shamba la paneli, mkataba ukishatimia na fedha zikipatikana, laweza kuwa tayari ndani ya mwaka mmoja au miwili, na hiyo ni sifa yake kubwa isiyosemwa: hesabu ya haja ikikosewa, ni rahisi kuongeza kidogo kidogo.

Kwani hesabu hukosewa. Mwaka 2013 Kenya walitangaza kuongeza megawati 5,000 ndani ya miezi 40, wakati haja yao kubwa haijafika 1,500. Viwanda vilivyotarajiwa havikuja kwa mwendo ule. Miaka kumi baadaye haja ilikuwa imepita 2,100 kidogo tu. Lau wangelijenga yote, mwenye mita angelilipia mashine zilizolala. Anayekisia juu hulipia mashine zisizofanya kazi, na anayekisia chini hulipia mitambo ya kukodi. Mpangaji mwema hukisia mara tatu, chini, kati na juu, kisha hujenga vile ambavyo vitafaa kwa vyote vitatu.

KISIWA CHETU

Sasa tufanye hesabu ya nyumbani. Megawati 5 za paneli zataka kiasi cha eka 20, na kwa saa nne na nusu za nguvu kamili kwa siku zingetoa zaidi ya yuniti milioni 8 kwa mwaka. Betri za kuhifadhi yuniti 10,000 zingetoa megawati 2 na nusu kwa saa nne za jioni. Hazitoshi kuwasha Pemba nzima. Zatosha kushika spitali, pampu za maji na vyumba vya barafu waya ukipata hitilafu, na siku za salama zapunguza mzigo wa ule uzi mmoja.

Eka 20 za wapi? Hapa naomba tusikilizane. Zisiwe za mikarafuu. Mashamba ya eka tatu tatu waliyopewa wazee wetu baada ya 1964 yamekwisha gawika kwa watoto na wajukuu, na mkarafuu mmoja wachukua miaka sita hadi minane kabla ya kutoa mavuno ya maana. Kuukata ili kuweka paneli ni kubadilisha mali kwa mali iliyo chini yake. Ardhi ya maweni ya upande wa Micheweni, isiyofaa kwa karafuu, ipo, ingawa wenyewe wana haki ya kuulizwa kabla ya kigingi cha kwanza kupigwa. Na kuna mapaa ya bati ya skuli na maghala, ambayo sasa hayafanyi kazi nyingine ila kutupikia.

Wanachama watauliza khabari ya mvua. Hakuna mjuzi wa jua kuliko aliyetandaza karafuu majamvini. Wingu linaloturudisha mbio kukunja majamvi ndilo linalopunguza paneli, na siku za masika huwa nyingi. Wakati ule twategemea Tanga, na Tanga wakati ule huwa na maji, kwa sababu mvua zile zile huijaza mito ya Bara. Upepo wa kaskazi na wa kusi nao waweza kusaidia, isipokuwa miezi ya malelezi, pepo zinapokuwa hazina imani. Lakini kabla ya kusema lolote upepo hupimwa juu ya mlingoti mrefu mwaka mzima, usikisiwe kwa matanga ya ngalawa.

Kuna kisiwa kimoja cha Marekani katika bahari ya Pasifiki, Kauai, ambacho zamani kilikuwa cha mashamba ya miwa na kilitegemea mafuta ya meli kama Wesha yetu. Mwaka 2002 wakaazi waliinunua kampuni ya umeme wakaifanya chama cha ushirika, kila mwenye mita ni mwanachama na ana kura. Mwaka 2017 waliweka paneli za megawati 13 pamoja na betri za kuhifadhi yuniti 52,000, makusudi kwa saa za jioni. Mwishoni mwa 2019 kisiwa kilipata saa kadhaa mfululizo bila ya kuchoma mafuta kabisa. Sisi hatuombi kulinunua Shirika la Umeme. Lakini chama cha ushirika chaweza kufanya jambo moja ambalo mtu peke yake hawezi, nalo ni kuhesabu haja ya wanachama wake na kuipeleka kwa maandishi kwa wanaopanga, badala ya kungojea kukisiwa na mtu aliye mbali.

Halmashauri imekubali kazi hiyo. Makatibu wa matawi watapewa karatasi zenye maswali manne: una mita au huna, una mashine gani sasa, ni mashine gani wakusudia kuiweka katika miaka mitano ijayo, iwe ya kukaushia karafuu, ya kusaga, ya barafu au ya kisima, na ni saa zipi za siku utaitumia. Swali la nne msilirukie, kwani ndilo wapangaji wanalolihitaji zaidi: mashine ya kukaushia inayofanya kazi saa sita za mchana hailingani na ile inayowashwa usiku. Asiyejua kilowati za mashine yake aandike namba zilizo kwenye kibati chake, afisi itahesabu. Wanawake wenye mashamba yao wajaze karatasi zao wenyewe, zisijazwe na waume wala makaka. Karatasi zirudishwe kwa katibu wa tawi kabla ya kuanza kuchuma, kwa maana zikishaanza kuchumwa hapana mtu atakayekumbuka karatasi.